Amplifaya Inayojibu

Herufi nne, PWON, zikifuatwa na alama ya kumaliza mstari, zinatosha kuamsha amplifaya ya Denon iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa seriali. MV50 huipeleka sauti kwenye kiwango cha 50, MUON huinyamazisha, MUOFF huirudisha. Ukiandika PW? chombo hakifanyi lolote ila kueleza kilivyo: PWON kama kiko macho, PWSTANDBY kama kimelala. Kwa yote haya hakuna haja ya programu ya kampuni, akaunti wala nywila. Kompyuta kuukuu, waya, programu yoyote inayoweza kutuma herufi kwenye mlango wa seriali kwa kasi ya baudi 9600, na mazungumzo yameanza. Aliyezoea kutelezesha kidole juu ya kioo cha simu anaweza kuyaona mambo haya kuwa masalia ya enzi ya kompyuta zilizojaa chumba kizima, na ni kweli kwamba asili yake ni huko. Hata hivyo njia hii ina ubora ambao zile zilizopokea kijiti kutoka kwake zimeupoteza, na ubora wenyewe hautokani na wepesi wa kuamuru. Unatokana na jibu. Chombo kinachosema hali yake kwa herufi zinazosomeka kinamwachia mtu wa tatu, yule ambaye hakukiunda, hakukiuza na hakuwepo kilipofungwa, uwezo wa kukielewa na kukitawala. Amplifaya nzuri huweza kuishi kuliko mkataba wa aliyeifunga na kuliko kumbukumbu ya aliyeinunua, kwa hiyo katika sehemu kubwa ya maisha yake iko mikononi mwa huyo wa tatu.

Rimoti ya kawaida hurusha mwanga wa infraredi na kazi yake huishia hapo. Haijui kama ujumbe umefika, wala haijui chombo kilikuwa katika hali gani kabla ya kuupokea. Kitufe cha kuwasha mara nyingi ndicho hicho hicho cha kuzima, hivyo matokeo ya kukibonyeza hutegemea jambo ambalo rimoti yenyewe haina njia ya kulijua. Nyumbani hilo si tatizo, kwa kuwa macho ya mtumiaji ndiyo yanayoikamilisha kazi: anaona taa imewaka, anaridhika. Lakini weka amplifaya tatu ndani ya kabati nyuma ya jukwaa la ukumbi wa mikutano, mojawapo ikose mwale mara moja tu, na kuanzia hapo mbili zitakuwa zikiwaka huku ya tatu inazimika, kila siku, mpaka mtu afungue kabati. PWON haina utata huo. Ikitumwa mara moja chombo kinawaka. Ikitumwa mara kumi, kinabaki kimewaka. Tena kuna jambo zuri zaidi. Mtu akizungusha kwa mkono kirungu cha sauti kilicho usoni mwa amplifaya, chombo hutuma chenyewe, bila kuulizwa, maandishi yale yale ya MV pamoja na kiwango kipya. Amri, jibu na taarifa vina umbo moja. Anayesikiliza waya huo na kuhifadhi kila mstari na saa yake anapata daftari la yote yaliyotendeka. Daftari hilo halitaji jina la mtu, lakini linaonyesha kama sauti ilipandishwa kutoka kwenye kompyuta au kwa mkono, na saa ngapi. Katika ukumbi unaotumiwa na watu wengi, hilo peke yake linamaliza nusu ya ugomvi.

Watengenezaji wa amplifaya hawakuubuni usomekaji huu, waliurithi. Chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani kilitoa kiwango cha waya wa seriali kiitwacho RS-232 mwaka 1960, nia ikiwa kuunganisha mashine za kuandikia kwa mbali na modemu zilizosafirisha herufi kwenye laini ya simu. Orodha ya herufi za ASCII ikafuata mwaka 1963, na karibu na wakati huo ikaja Teletype Model 33, mashine iliyopiga herufi kumi kwa sekunde. Mwisho wa waya kulikuwa na mtu mwenye vidole na macho, na kila kilichopita ndani yake kilitakiwa kuweza kuchapwa kwenye karatasi. Ndiyo maana amri ya amplifaya ya karne hii bado inamalizika kwa alama namba 13 ya ASCII, ile iliyokuwa ikirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari. Amplifaya haina kichwa cha kuchapia, lakini inaingoja alama hiyo bila kuchoka. Mwaka 1981 kampuni ya Dennis Hayes ikatoa Smartmodem, ambayo amri zake zilianza kwa AT na jibu lake likawa OK. Miongoni mwa amri hizo, ATM0 iliinyamazisha spika ndogo iliyokuwa ndani ya modemu. Kitu cha kutoa sauti kilichotawaliwa kwa maandishi, miaka mingi kabla ya njia hiyo kufika kwenye sebule za watu. Kwa kuwa amri zilikuwa wazi mbele ya kila mtu, watengenezaji wengine waliziiga, na baadaye viwango vya simu za mkononi vikazichukua. Modemu za USB za 3G ambazo kampuni za simu ziliuza Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zilikuwa nazo ndani. Chomeka modemu hiyo, kompyuta inapata milango ya seriali. Andika AT, inajibu OK. Andika AT+CSQ, inaeleza nguvu ya mtandao. Dirisha lenye nembo ya kampuni lilipokataa kufunguka kwenye toleo jipya la kompyuta, wengi waliihesabu modemu kuwa imekufa. Aliyejua herufi chache za mwaka 1981 aliendelea kuitumia.

Pingamizi la kwanza huwa la kasi, nalo ndilo dhaifu kuliko yote. Kila herufi huhitaji biti kumi: moja ya kuanzia, nane za herufi yenyewe, moja ya kumalizia. Kwa baudi 9600, basi, waya hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Sauti ya CD inahitaji biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani mara 147 ya uwezo huo. Waya huu hauwezi kubeba muziki, na hakuna aliyeuomba ubebe. MV50 na alama yake ya mwisho ni herufi tano, zinazopita kwa milisekunde tano na kitu. Amplifaya ndiyo inayoomba ipumzishwe milisekunde 50 kati ya amri moja na nyingine. Mambo hubadilika kwa mpiga kinanda. Waliounda MIDI, njia ya kuunganisha ala za muziki za kielektroniki iliyotangazwa mwaka 1983, walichagua baudi 31,250 na noti ya baiti tatu ambazo hupita kwa takribani milisekunde moja, na baiti hizo hazisomeki kama maandishi. Walikuwa sahihi. Anayepiga noti kumi kwa pamoja hana nafasi ya kungoja maneno. Ninachotetea hapa ni usimamizi wa chombo: kuwasha, kuchagua, kupandisha, kuuliza. Upigaji wa ala una sheria zake.

Pingamizi la makosa lina uzito zaidi, na wapenzi wa amri za maandishi hulipita haraka mno. Kuna kadi ndogo ya kuchezea faili za MP3 iitwayo DFPlayer Mini, inayopendwa na wanaojifunza elektroniki kwa sababu ya bei yake. Nayo hupokea amri kwa waya wa seriali, lakini si kwa maandishi. Kuiambia iweke sauti kwenye kiwango cha 20 kati ya 30 kunahitaji baiti kumi, ambazo kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita huandikwa 7E FF 06 06 00 00 14 FE E1 EF. Ile 14 ndiyo ishirini yenyewe. FE E1 ni hesabu ya uhakiki, iliyopatikana kwa kujumlisha baiti sita zilizoanzia FF na kuigeuza jumla yake. Hesabu isipolingana, kadi inajua kuna kilichoharibika njiani. MV40 haina kinga kama hiyo. Katika ASCII, tarakimu 4 huandikwa 0110100 na tarakimu 6 huandikwa 0110110. Zinatofautiana kwa biti moja. Mshtuko mmoja wa umeme karibu na waya unaweza kuigeuza MV40 kuwa MV60, na kwa amplifaya hizi tofauti hiyo ni desibeli 20, maana yake nguvu inayokwenda kwenye spika huongezeka mara 100. Anayetetea njia hii akishindwa kujibu hapa, afadhali anyamaze.

Jibu lipo, ila halimalizi kila kitu. Chombo kikipokea MV60 hurudisha MV60, na programu iliyotuma MV40 ikiwa inasikiliza, inaona kasoro papo hapo na kuisahihisha. Jibu linafanya kazi ya uhakiki. Tatizo ni kwamba linaifanya baada ya tukio: amplifaya hupewa mpaka milisekunde 200 za kujibu, na katika sehemu hiyo ya tano ya sekunde spika imekwisha kupokea kipigo. Kwa hiyo ukomo wa sauti uwekwe ndani ya amplifaya yenyewe, mahali ambapo waya haufiki. Baada ya kukubali hayo, itazame tena kadi ya DFPlayer. Hesabu yake ya uhakiki hukamata makosa ya waya tu. Mwanafunzi akiandika 20 mahali pa 14 kwa kusahau kwamba yuko kwenye msingi wa kumi na sita, ameomba kiwango cha 32 ambacho hakipo; akiijumlisha upya hesabu yake, ujumbe unapita ukiwa mzima kabisa, na upuuzi ndani yake. Hesabu haijali alikusudia nini. Kwenye maandishi, kosa la namna hiyo linamtazama mtu usoni, na kwa maoni yangu makosa ya watu ni mengi kuliko ya waya, hasa pale waya unapokuwa mfupi na umefungwa vizuri.

Kuna kasoro nyingine ambayo ni ya sauti peke yake, na hapa sina utetezi. RS-232 inahitaji waya tatu: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Huo wa tatu huunganisha ardhi ya kompyuta na ardhi ya amplifaya, na ikiwa vyombo hivyo tayari vimeunganishwa kwa njia nyingine, kupitia soketi za ukutani au kebo za sauti, mzunguko unakamilika na mvumo wa umeme wa hezi 50 huingia kwenye spika. Fundi hushangaa kwamba waya usiobeba sauti umeharibu sauti. Waliounda MIDI waliliona hili mapema na kuagiza kila chombo kinachopokea kitenganishwe kwa kiungo cha mwanga, ili umeme usivuke hata kidogo. RS-232 haikuzaliwa kwa ajili ya vyombo vya sauti, na inaonekana. Dawa ni kununua kifaa kidogo cha kutenganisha, na gharama hiyo ihesabiwe tangu mwanzo.

Wengine husema njia hii haina lugha moja, nao hawakosei. Denon huandika MV50. Vyombo vya Extron huandika 50V na kujibu Vol50. Mitambo ya Tesira ya Biamp hutaka sentensi kamili, Level1 set level 1 -10, kisha hurudisha +OK. Ulimwengu wa MIDI ulikubaliana. Huu haukukubaliana, na sidhani kama utakuja kukubaliana. Lakini gharama ya utengano huo ni ndogo kuliko inavyohofiwa, kwa sababu kila lahaja inaonekana. Programu ya kutafsiri lahaja moja kwenda nyingine ni ya kurasa chache, na fundi anaweza kuijaribu kwa mkono kabla ya kuiandika. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kusomeka si sawa na kueleweka. Kwenye Denon, MV80 ndiyo desibeli sifuri. MV795 si mia saba tisini na tano, ni 79 na nusu, yaani nusu desibeli chini ya sifuri. Mtu asiye na karatasi ya mtengenezaji angezisoma tarakimu hizo tatu na kudhani amebomoa ukumbi. Herufi zinazosomeka hupunguza utegemezi kwa mtengenezaji. Haziufuti.

Je, lugha ya amri hizi si Kiingereza kile kile? PW na MV zimetokana na maneno ya Kiingereza, lakini zimefupishwa kiasi kwamba hata Mwingereza lazima azikariri. Linalovutia ni upande wa pili. Anayejitengenezea chombo chake, tuseme kidhibiti cha spika za msikiti au cha kengele za shule kwa kutumia kadi ya Arduino, anaandika msamiati mwenyewe. Hakuna kinachomzuia kuamua kwamba amri ni WASHA, ZIMA, SAUTI 40, na swali ni HALI? SAUTI 40 na alama ya mwisho ni herufi tisa, milisekunde tisa na ushei. ASCII iliundwa Marekani kwa mahitaji ya Marekani, na iliwaacha nje Wafaransa na alama zao za juu ya irabu pamoja na Waarabu wote, lakini Kiswahili cha hati ya Kilatini kinaingia chote, mpaka king'ong'o cha ng'ombe. Malenga wa Lamu waliotumia hati ya Kiarabu wasingepata nafasi. Hii ni bahati tu, lakini katika matabaka yote ya chombo cha umeme, kuanzia sakiti hadi programu ya ndani, hili ni mojawapo ya machache ambapo fundi wa Mwanza au wa Kisumu anaweza kuamua maneno bila kuomba ruhusa.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba watu hawataki kuandika amri. Wanataka kugusa picha ya spika na kuburuta. Wana haki. Swali ni kipi kiko chini ya picha. Mei 2024 kampuni ya spika ya Sonos ilitoa programu mpya ya simu iliyokosa mambo yaliyozoeleka, kengele za kuamsha na kipima muda cha kulala vikiwemo, na wenye spika nzima zisizo na kasoro yoyote wakajikuta hawawezi kuzitumia walivyozoea. Januari 2025 mkurugenzi mkuu, Patrick Spence, aliondoka. Linganisha na Squeezebox, kicheza muziki ambacho Logitech iliacha kukitengeneza mwaka 2012. Kilitegemea seva ambayo msimbo wake uko wazi, na seva hiyo hupokea amri za maandishi kupitia mtandao kwenye mlango namba 9090: mixer volume 25, na sauti inakwenda kwenye kiwango cha 25. Huduma ya kampuni mtandaoni ilifungwa mwaka 2024, lakini wapenzi wake wanaiendeleza seva hiyo kwa jina la Lyrion, na vyombo vinaimba. Sisemi maandishi peke yake ndiyo yaliyokiokoa. Msimbo ulio wazi ulifanya kazi kubwa zaidi. Lakini kila aliyetaka kukitengenezea programu ya simu aliweza kuanza kwa kuandika mstari na kusoma uliorudi.

Mtandao, hata hivyo, huleta hatari ambayo waya haukuwa nayo. Amri zile zile za Denon hupokewa pia kwa Telnet kwenye mlango namba 23, bila nywila. Waya wa seriali haukuhitaji nywila kwa kuwa aliyeufikia alikuwa tayari ndani ya chumba, na kwa kawaida kebo yake haivuki mita 15. Ukiyahamishia maandishi hayo kwenye mtandao mmoja na wageni wa hoteli, mtu yeyote kwenye meza ya kahawa anaweza kuipandisha sauti ya ukumbi wa harusi hadi mwisho. Wanaohama kutoka kwenye waya kwenda mtandaoni huona wamebadilisha kebo tu, kumbe wameondoa mlango. Vyombo vya sauti vitengewe mtandao wao.

Yote haya huonekana madogo mpaka siku ya kununua. Zabuni za mifumo ya sauti ya kumbi, makanisa, mabaraza na vyuo hujaa wati, idadi ya spika na majina ya modeli, na mara nyingi hazisemi lolote kuhusu amri. Mfumo hufungwa, kioo kizuri cha kugusa huwekwa ukutani, na faili za programu inayokiendesha hubaki kwenye kompyuta ya mkandarasi. Miaka mitano baadaye mnunuzi anataka kubadilisha jina la kitufe kimoja na anaambiwa aanze upya. Vipengele vitatu vya mkataba vingebadilisha hali: orodha kamili ya amri na majibu ya kila chombo, iliyochapwa; faili za asili za programu, zikiwa mali ya mnunuzi; na jaribio moja kabla ya kupokea kazi. Fundi asiye wa mkandarasi aje na kompyuta isiyo na programu yoyote ya kampuni, achomeke waya, akiulize chombo kama kiko macho na sauti yake iko kiwango gani, kisha ashushe sauti na aulize tena. Jibu lisiporudi, au likirudi bila kusomeka, malipo ya mwisho yangoje.